Chama cha wafanyakazi bado kina kazi?

SWALI: Mhariri shikamoo, mimi ni nesi hospitali ya kaunti, kila mwezi kwa peisilipu nakatwa pesa ya chama lakini tukigoma tu korti inatuzuia. Sasa chama ni cha nini?

JIBU: Marahaba dada, pole. Kugoma ni haki yako, kifungu cha 41 cha katiba ya Kenya ya 2010, si zawadi ya waziri. Ona madaktari, mkataba wao wa mishahara ulisainiwa 2013 serikali ikaukalia, wakagoma siku 100, Februari 2017 viongozi wa chama chao, KMPDU, wakatupwa jela, halafu 2024 wakagoma tena siku 56 juu serikali ilitaka intani, yaani daktari anayeanza kazi kwa mafunzo, alipwe shilingi 70,000 kwa mwezi badala ya 206,400. Ungeweza hayo peke yako? Ila pia mbane katibu wa tawi awaonyeshe mahesabu.