Jibu: Nimevunjiwa kioo cha gari, nianzie wapi?

Pole sana ndugu. Umesema wamevunja kioo cha mlango wa nyuma wakabeba begi lenye laptopu. Kabla hujafagia chochote, piga picha, kisha ripoti polisi upewe namba ya taarifa. Watu wa bima wataiulizia. Kama ndani ya begi mlikuwa na funguo za nyumba au karatasi yenye anwani yako, badilisha kitasa leo hii, hilo lisisubiri. Nywila zako pia zibadili ukitumia kifaa kingine.

Kioo cha mlango husambaratika chembechembe, kwa hiyo vaa glavu, na fundi atoe vipande vilivyodondokea ndani ya mlango, la sivyo vitakwaruza kioo kipya.

Kuhusu kuzuia, kosa la wengi wetu (nami nimo) ni kuhamishia begi kwenye buti tukishaegesha, huku mtu anatutazama. Lihamishe kabla hujafika. Hata kishikio cha simu king'oe na ile alama ya duara inayoiacha kwenye kioo uifute, maana mwizi akiiona atahisi kuna kitu kwenye droo. Kengele? Ikilia siku hizi watu hawageuzi hata shingo.