Elewa handikapu kabla ya kuchagua timu

Anayeanza kubashiri soka kwa handikapu huwa amezoea kujiuliza nani atashinda, na swali hilo ndilo linalompotosha, kwa sababu kinachopimwa hapa ni tofauti ya mabao. Timu inayopewa nafasi kubwa hupunguziwa mabao, au dhaifu huongezewa, kisha matokeo huhesabiwa upya mechi inapomalizika. Timu yenye -1.5 ikishinda 1-0, pointi tatu ni zake, lakini aliyeiwekea dau amepoteza.

Mstari, yaani namba ya handikapu kama -1.5, ukiwa wa nusu bao hausumbui, kwa kuwa hauna sare: dau linashinda au linapotea. Mstari wa namba kamili unahitaji uangalifu zaidi, kwa sababu jibu lake hutegemea aina ya handikapu iliyo mbele yako. Katika handikapu ya Kiasia, timu yenye -1 ikishinda kwa bao moja tu, dau lako hurudishwa lote. Katika ile ya Ulaya, yenye machaguo matatu, matokeo hayohayo huhesabiwa kuwa sare ya handikapu, na kwa kuwa sare hiyo ni chaguo linalojitegemea, aliyechagua timu anapoteza kila kitu. Namba ni ileile na mechi ni ileile. Kwa hiyo soma jina la soko, yaani aina ya dau unaloweka, kabla ya kutazama odi, namba inayozidishwa na dau kupata malipo.

Wageni wengi hukwama kwenye mistari ya robo, nami nashauri muda mwingi wa kujifunza utumike hapo. Mstari wa robo huligawa dau lako katika nusu mbili, kila moja kwenye mstari wa jirani. Ukiweka 1,000 kwenye -1.25, umeweka 500 kwenye -1 na 500 kwenye -1.5; timu ikishinda kwa bao moja, nusu ya kwanza inarudishwa na ya pili inapotea. Ukiweka 1,000 kwenye +0.25 kwa odi ya 1.90 na mechi ikaisha sare, 500 zilizokuwa kwenye 0 zinarudi, na 500 zilizokuwa kwenye +0.5 zinalipa 950, hivyo unapokea 1,450. Chukua matokeo ya mechi zilizokwisha kuchezwa, uyapigie hesabu kwa karatasi kwenye -0.75, -1 na -1.25, mpaka uweze kutaja malipo bila kusitasita. Zoezi hili linachosha, lakini sijaona njia ya mkato.

Jambo jingine ni muda. Kwa kawaida handikapu huhesabiwa kwa dakika 90 pamoja na za nyongeza zinazofidia muda uliopotea, bila dakika 30 za ziada wala penalti. Fainali ya Kombe la Dunia ya 2022 inaonyesha vizuri: Argentina ilitwaa kombe kwa penalti, lakini dakika 90 zilimalizika 2-2 dhidi ya Ufaransa. Kwa utaratibu huo, aliyeichukua Argentina kwa -0.5 alipoteza, na aliyeichukua kwa 0 alirudishiwa dau lake.

Odi nazo zisomwe kwa utulivu. Kampuni ya kubashiri hutafuta mstari unaozipa pande zote mbili nafasi inayokaribiana, kisha huziwekea odi kama 1.90 kwa 1.90. Kama nafasi zingekuwa sawa kweli na hakuna makato, kila upande ungelipa 2.00; kwa 1.90 unahitaji kupatia takribani asilimia 52.6 ya madau yako ili tu usipate hasara. Ndiyo maana siupendi mkeka wa handikapu, yaani dau moja la mechi kadhaa ambazo zote lazima zishinde, hata ukionekana mnono: mechi nne za 1.90 zinazidishwa kufikia 13.03, wakati malipo ya haki yangekuwa 16.

Kwa mechi inayoendelea, tahadhari ni moja. Katika handikapu ya Kiasia, kampuni nyingi huhesabu mabao yanayofungwa baada ya wewe kuweka dau tu, kana kwamba matokeo ya wakati huo ni 0-0. Ukiichukua timu kwa 0 ikiwa tayari inaongoza 2-0, kisha mpinzani akapata bao pekee lililobaki, timu yako imeshinda 2-1 na dau lako limepotea. Kanuni hii kwa kawaida huandikwa ndani ya masharti ya kampuni, na isomwe kabla mpira haujaanza, kwa kuwa odi za mechi inayoendelea hazimsubiri anayesoma.