Maswali ya Umeme wa Nyumbani: Tisa Inaishindaje Sitini?

Swali: Naishi Nkuhungu, Dodoma. Muuza duka ananishawishi niache globu zangu tano za wati 60, ninunue za LED za wati 9, eti mwanga ni uleule. Tisa na sitini, wapi na wapi? Na uniti za LUKU zitapungua kweli?

Jibu: Muuzaji kasema kweli. Wati ni umeme unaoliwa, mwanga hupimwa kwa lumeni. Globu ya uzi ya wati 60 hutoa lumeni 700 hivi. Umeme mwingi unaobaki huishia kuwa joto, ndiyo maana huishiki ikiwa inawaka. LED nzuri ya wati 9 hutoa karibu 800. Dukani geuza boksi utafute "lm". Boksi lisilo na namba hiyo lirudishe kwenye shelfu.

Hesabu ya uniti ni hii: wati mara idadi ya taa, mara saa, mara siku, kisha gawanya kwa 1,000. Globu zako tano zikiwaka saa 5 kila usiku, kwa siku 30 zinakula uniti 45. Za wati 9 zitakula 6.75. Kama huna fedha ya kubadilisha zote kwa mkupuo, anza na taa ya nje inayokesha: globu moja ya wati 60, saa 12 kila usiku, ni uniti 21.6 kwa mwezi. Ila taa si mlaji pekee. Pasi ya wati 1,000 ikivuta umeme saa moja mfululizo imemaliza uniti nzima, ambayo LED ya wati 9 ingeiwakia saa 111.

Swali: Niko Kongwa. LED yangu imeandikwa wati 20, lakini ya jirani ya wati 12 inaishinda. Tena nyingine kama hiyo imekufa baada ya miezi mitatu.

Jibu: Huenda hizo 20 ziko kwenye boksi tu. Kama mita yako iko ukutani, ipime. Tazama maandishi "imp/kWh", yaani idadi ya mimweko kwa kila uniti moja. Nyingi ni 1,000. Zima na chomoa kila kitu, washa taa hiyo peke yake, kisha hesabu sekunde kutoka mmweko mmoja wa kitaa chekundu cha mita hadi mwingine. Gawanya 3,600 kwa sekunde hizo, utapata wati. Taa ya wati 20 humweka kila baada ya dakika 3. Ukingoja dakika 6 na sekunde 40, umeuziwa wati 9. (Mita ya 1,600 imp/kWh, gawanya 2,250 badala ya 3,600.)

Kama wati ni za kweli, angalia chumba. Matofali ya kuchoma yasiyopigwa lipu hunywa mwanga, chokaa nyeupe huurudisha. Vumbi la kiangazi nalo hujaa juu ya globu: zima, iache ipoe, ifute kwa kitambaa kikavu. Kwa mtoto anayesoma, taa ya mezani ndiyo jibu, kwani umbali ukipungua kutoka mita 2 hadi 1, mwanga unaofika kwenye daftari huongezeka mara nne hivi.

Kufa mapema mara nyingi ni joto. Ndani ya kitako cha LED kuna saketi ndogo, na kapasita zake (vipuri vinavyotunza chaji) hazipendi kuchemka. Ukiifungia ndani ya kava la kioo lisilo na tundu, unaipika.

Swali: Nikizima swichi, LED inabaki na mwanga hafifu. Inakula umeme?

Jibu: Kidogo mno, lakini usipuuze. Kama swichi ina kitaa chake cha ndani, hicho ndicho kinachopitisha umeme. Weka swichi ya kawaida. Kama haina, inawezekana fundi alipitisha kwenye swichi waya wa nyutro (unaorudisha umeme) badala ya laivu (unaoleta umeme), na hapo holda ina umeme hata taa ikiwa imezimwa. Usibadilishe globu hiyo kabla ya kuzima swichi kuu, na muite fundi mwenye leseni ahamishe waya.