Mwanangu, usianze kuilaumu ndizi

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, ya pili kwa sauti ili mama yako asikie. Mimba ya miezi saba, madini ya potasiamu kwenye damu yamesoma juu, 5.8, nesi kakwambia uache ndizi na madafu kwa kuwa vina potasiamu, nawe unauliza kama mtoto ameshadhurika.

Nikuulize kwanza: damu ilitolewaje? Enzi zangu maabara, sampuli za zahanati zilitufikia kwa pikipiki, zimeshinda juani. Tukizizungusha kwenye mashine, yale maji ya juu ambayo huwa ya manjano hafifu yanatoka mekundu kama juisi ya rozela. Hapo chembe nyekundu zimepasuka. Potasiamu nyingi ya mwili hukaa ndani ya chembe. Zikipasuka inamwagika, mashine inasoma juu, kumbe mwenye damu yuko kwake anapika, hana neno. Hata mpira wa kufungia mkono ukikaa muda mrefu huku unaambiwa ukunje na kukunjua ngumi, jibu linapanda. Niliwahi kutoa jibu la namna hiyo bila kuandika kwamba sampuli imeharibika. Mama wa watu akalazwa siku mbili kwa kosa langu. Sijasahau.

Kwa hiyo rudi leo, ikishindikana kesho asubuhi. Usingoje tarehe ya kliniki. Warudie potasiamu, wapime na kreatinini inayoonyesha kazi ya figo, presha, protini kwenye mkojo, na kipimo cha umeme wa moyo. Ikisoma 6 au zaidi wakataka kukulaza, usibishane nao.

Jibu la pili nalo likiwa juu, basi lina sababu. Figo za mjamzito huchuja zaidi ya kawaida, karibu nusu tena, na potasiamu yake mara nyingi huwa chini kidogo kuliko ya wengine. Mimi ningeangalia figo zenyewe, maana presha ya mimba inaweza kuziumiza, halafu vidonge. Najua tabia yako ya kuazima dawa za shangazi yako. Zile za presha, enalapril, lisinopril na wenzao, hupandisha potasiamu, na humuumiza mtoto tumboni, hasa figo zake. Diclofenac ya maumivu pia huipandisha. Hata ile Septrin uliyopewa ya UTI, maambukizi ya njia ya mkojo. Hiyo usiiache kimyakimya, mwambie daktari aamue. Na chumvi ya kopo aliyokuletea mama mkwe, ile ya wenye presha, soma lebo. Nyingine ni kloridi ya potasiamu tupu.

Ndizi? Figo nzima hazishindwi na ndizi mbili. Zikiwa na hitilafu, daktari atakupunguzia, na madafu yatatangulia. Mama yako ananiuliza utakula nini sasa. Nimemwambia asubiri kipimo, hataki.

Kuhusu mtoto, hatari ya kwanza ya potasiamu ni kwenye moyo wako wewe, na yeye anategemea huo. Umesema usiku anacheza sana, nimefurahi. Lakini moyo ukiruka mapigo, miguu ikilegea ghafla, mkojo ukipungua, au kichwa kikuume na macho yaone ukungu, nenda hospitali usiku huohuo, hata kabla ya kunipigia mimi.

Majibu yakitoka nitumie picha ya karatasi yenyewe, nione kama wameandika chochote kuhusu hali ya sampuli.

Baba yako