Damu ikishashuka miguuni, nani anaipandisha?

Mkuu, umeuliza: kama moyo uko kifuani na damu inashuka hadi kwenye nyayo, inarudije juu? Wengi wamekujibu kwamba moyo ndio unaoivuta. Jibu hilo halitoshi. Mimi ni muuguzi wa chumba cha upasuaji, kazi ya kusimama saa nyingi, na jambo hili naliona kila siku.

Tuanze na moyo wenyewe, kwa kifupi. Upande wa kulia unapeleka damu mapafuni, wa kushoto unaisambaza mwili mzima, ndiyo maana ukuta wa kushoto ni mnene zaidi. Mtu mzima akiwa ametulia, moyo wake husukuma takriban lita 5 kwa dakika, yaani karibu damu yote aliyo nayo. Ila ule msukumo mkali tunaoupima kama presha hufifia njiani. Damu inapita kwenye kapilari, vijishipa vyembamba mno hata chembe nyekundu hufuatana moja moja, inaacha oksijeni, na ikifika kwenye vena, yaani mishipa inayorudisha damu moyoni, nguvu iliyobaki ni ndogo sana. Ukiwa umelala inatosha. Ukisimama wima, vena za miguu, ambazo ni laini, zinatanuka na kiasi kikubwa cha damu, kama nusu lita hivi, kinabaki huku chini.

Hapo ndipo misuli ya vigimbi inapofanya kazi ambayo watu hawaijui. Kila unapopiga hatua, misuli hiyo inazibana vena za ndani na damu inasukumwa juu. Haiwezi kurudi, kwa sababu ndani ya vena kuna vali, vijimlango vinavyofunguka upande mmoja tu. Kuvuta pumzi nako kunasaidia: kifua kikipanuka, damu ya tumboni inavutwa kuelekea moyoni.

Vali hizi unaweza kuzithibitisha mwenyewe. William Harvey, daktari wa Uingereza, alilionyesha jambo hili katika kitabu chake cha 1628. Ning'iniza mkono mpaka mishipa ya nyuma ya kiganja itokeze. Bana mshipa mmoja kwa kidole upande wa vidoleni, kisha kwa kidole kingine sukuma damu yake kuelekea kifundo cha mkono, halafu inua kile cha pili. Ukishavuka vali, kipande hicho kitabaki kitupu. Achia kidole cha kwanza, kinajaa papo hapo. Jaribu mishipa miwili mitatu kama wa kwanza hauoneshi vizuri.

Sasa kwa nini nalikazania hili? Kwa sababu moyo hausukumi damu ambayo haijaufikia. Nimeshuhudia wanafunzi wakizimia katika chumba cha upasuaji, na watu husema ni woga wa damu. Wapo wa hivyo. Lakini wengi walikuwa wamesimama tuli muda mrefu, magoti yamekazwa, vigimbi havifanyi kazi, damu inayofika kichwani ikapungua. Akianguka, tafadhali msimwinue wala kumketisha kitini! Mlazeni, inueni miguu yake, damu irudi.

Mimi nikisimama kwa muda mrefu hupandisha na kushusha visigino mara kwa mara, na siku za upasuaji mrefu huvaa soksi za kubana. Bila hivyo jioni viatu havinitoshi. Hata wagonjwa tunawahimiza watembee mapema baada ya upasuaji, maana damu iliyotuama kwenye vena za ndani huweza kuganda, na bonge hilo likisafiri hadi mapafuni linaweza kuua.

Kwa hiyo miguu yote miwili ikivimba kidogo jioni kisha ikanywea ukilala, mara nyingi ni kusimama tu. Mguu mmoja ukivimba ghafla, unauma na una joto, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Na pumzi zikianza kubana au kifua kuuma, hiyo ni dharura, usisubiri hata kidogo.