Rejimenti ya 12 ya Mizinga ya Kifalme: kazi yake ni nini hasa?

Kaka, umeuliza kwa nini jeshi la nchi kavu la Uingereza lina rejimenti ya makombora ya kutungulia ndege wakati jeshi la anga lipo. Ni kwa sababu ndege za kivita haziwezi kukaa juu ya askari wa miguu saa 24. Lazima awepo mtu chini, anayetembea nao.

Mfano mzuri ni vita vya Uingereza na Argentina kwenye Visiwa vya Falkland, 1982. Kombania moja ya rejimenti hiyo, ikijulikana kama T, ilishushwa San Carlos, visiwani humo, na mitambo ya makombora ya Rapier kulinda askari waliokuwa wakiteremka pwani. Rada za kuongozea makombora usiku na kwenye ukungu ziliachwa Uingereza, hivyo walilenga kwa macho. Isitoshe, kombora lenyewe lilikuwa halilipuki karibu na ndege, ni mpaka liigonge. Baada ya vita walijihesabia kutungua ndege 14, lakini uchunguzi uliofuata ukaipunguza mno idadi hiyo. Mimi nasema bado walisaidia: rubani anayejua kuna kombora chini hatulii.

Siku hizi Rejimenti ya 12 inatumia Starstreak, kombora la masafa mafupi linaloongozwa kwa leza na kuachia mishale mitatu. Masafa marefu zaidi ni kazi ya Rejimenti ya 16, yenye mfumo wa makombora wa Sky Sabre uliorithi nafasi ya Rapier. Zote mbili ziko Thorney Island, kusini mwa England.