Popoo, kijaluba na roboti ya WhatsApp

SWALI: Kikundi chetu cha afya hapa Mji wa Kale, Mombasa, kinataka kutengeneza chatiboti ya WhatsApp ya kuwafundisha wazee wa Kihindi na Kibaluchi kujikinga na saratani ya kinywa. Tuanzie wapi? Na tuiache akili unde ijibu yenyewe?
Msomaji, Kibokoni

JIBU: Anzeni na maneno, programu baadaye. Mkiuliza "Unatumia tumbaku?", mla tambuu atabonyeza "Hapana" na mazungumzo yataishia hapo, ilhali shavuni ana popoo (kokwa ngumu itafunwayo na jani la tambuu), chokaa na tumbaku hiyohiyo. Tumbaku kwake ni sigara. Hiki chake ni uraibu. Nalo neno hilo ni mtego. Mkiandika "acha uraibu" mkikusudia mazoea mabaya, mzee wa pwani ataelewa vilivyomo kijalubani mwake, yaani kikopo chake cha tambuu, popoo na katu na vyote. Basi tajeni kitu kimoja kimoja: tambuu, popoo, kuberi (tumbaku ya kutafuna), gutka (popoo na tumbaku za pakiti). Ulizeni ni mara ngapi kwa siku, na kama hulala nayo shavuni.

Popoo ipewe swali lake. Wengi wametoa tumbaku wakaibakiza popoo, wakidhani wamesalimika. Shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya WHO lilikwisha kutangaza mwaka 2004 kwamba popoo peke yake husababisha saratani. Vilevile hukakamaza nyama ya ndani ya mashavu hadi mdomo ukashindwa kufunguka sawasawa. Ukakamavu huo haurudi nyuma mtu akiacha, lakini kuacha kunampunguzia hatari. Swali linalowagutusha watu ni hili: "Pilipili inakuchoma kuliko zamani?" Hiyo huwa dalili ya mapema ya ukakamavu huo. Jingine: "Vidole vyako 3 vilivyopangwa wima vinaingia kati ya meno ya mbele?"

Akili unde isitunge majibu ya tiba. Kazi yake iwe kutambua mtu anauliza nini, kisha kumletea jibu lililoandikwa na kupitiwa na daktari wa meno. Vitufe vya kujibia vya WhatsApp havizidi 3 kwa ujumbe wa kawaida, kwa hiyo maswali yawe mafupi. Wekeni pia sauti za sekunde 30 hivi kwa Kigujarati na Kikutchi, zisomwe na mtu wa mtaa, kwa kuwa wapo waisemao lugha ya nyumbani bila kuisoma.

Somo la kujikagua liwe la mara moja kwa mwezi: nawa mikono, toa meno ya bandia, simama penye mwanga na kioo. Tazama midomo, mashavu kwa ndani, ufizi na kaakaa. Shika ncha ya ulimi kwa kitambaa, uvute kushoto na kulia uone kingo zake, kisha uunyanyue utazame chini yake. Malizia kwa kupapasa shingo. Doa jeupe au jekundu, uvimbe, au kidonda kilichopita wiki 2 bila kupona: roboti itoe jina la kliniki na siku zake, basi. Isipokee picha wala kutamka "si saratani".

Mipango mingi hukwama kwenye ukumbusho wa mwezi wa pili. Saa 24 zikipita tangu mtu alipoandika mara ya mwisho, WhatsApp haipitishi ujumbe wenu ila wa kiolezo, yaani ujumbe ulioandikwa tayari na kuidhinishwa nao mapema. Ombeni idhini kabla ya kuzindua. Na kiolezo kiseme "Siku ya kukagua kinywa", si "Umeacha popoo?", maana simu ya babu huwa mkononi mwa mjukuu.

SWALI: Mama ana doa jeupe shavuni, haliumi. Chatiboti ya bure imesema ni fangasi. Tununue dawa?
Msomaji, Tanga

JIBU: Msinunue. Utando wa fangasi mara nyingi hufutika kwa kitambaa laini. Doa lisilofutika ni jambo jingine, na kutouma hakumaanishi usalama. Mpelekeni kwa daktari wa meno wiki hii, aamue kama kikatwe kipande kidogo cha kupimwa. Amwambie daktari kila anachotafuna, hata kile anachokiita kiburudisho tu.